Hajati Aliyetufungulia Uwani

Hajati alikuwa na pua ya ajabu. Angeweza kuketi sebuleni kwake, ukuta mzima kati yake na sisi, akayakata maongezi na wageni wake na kupaza sauti: "We! Nani anachoma zinki na hajakwangua?" Na kweli, huku upande wetu kulikuwa na mmoja aliyeshika bomba lenye zinki na kuliwashia moto bila kulipitishia tupa kwanza. Tukikana, alikuja mwenyewe, ushungi ameushika kidevuni, akavuta hewa mara moja tu. "Musinidanganye. Mi nasikia utamu mu hewa." Moshi wa zinki una utamu kweli, unakaa kwenye ulimi mpaka chakula cha jioni. Anayeujua ni fundi aliyeumeza kwa miaka, na Hajati hakuwahi kushika bageti, kile kijiti tunachochomelea, hata siku moja.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wanaojua mambo hayo hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, ni wengi na wanapenda kuulizwa. Mimi namjua kama mwenye ateliye, yaani karakana ya chuma aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kama mwanamke aliyenifanya nipande kilima cha Gihosha leo bila kusimama njiani kutafuta pumzi. Nilikuwa fundi wake tangu kabla ya vita, mtu mzima mwenye mke na watoto kule Nyakabiga, na alinikaripia kana kwamba alinizaa yeye.

Kuomba radhi hakujui. Akikugombeza bure, akaja kugundua kwamba hukuwa na kosa, adhuhuri ungeona sahani ya sambusa imefunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya fuawe lako, na ulitakiwa uelewe mwenyewe. Wako waliotamani agombeze bure kila siku. Alitusukuma tumalize kazi za watu haraka, na dakika hiyo hiyo akatukataza kuinamisha uso juu ya chuma. Tulipomwambia kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja, alijibu kwamba yeye hakuajiri mafundi ili wamfundishe kinachokwenda pamoja na kisichokwenda.

Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba mwanamke huyu aliyepigana na moshi hakuweza kuishi bila moshi. Udi wake ulifukizwa asubuhi, ulifukizwa wageni wakija, ulifukizwa kwenye nguo zilizotoka kufuliwa. Siku moja nilimwuliza mbele ya wenzangu, "Hajati, na hii moshi yako je?"

"Yangu iko ya harusi," alisema. "Yenu iko ya matanga."

Nilicheka pamoja na wote, lakini jibu lile lilinikaa. Tulimjua sote marehemu mumewe. Alikuwa mtu wa kifua kipana, ndiye aliyeongoza kaswida katika harusi za mtaa, sauti yake ikafika barabara ya tatu. Ndiye aliyechomelea nusu ya malango ya Buyenzi kwa mikono yake, ndani ya kibanda cha bati kisicho na dirisha, kwa sababu dirisha ni mlango wa wezi. Kifua kikaanza kumbana. Wengine walisema kifua kikuu, wengine malaria iliyozeeka, wengine husuda. Hajati alikuwa na desturi ya kumletea chetezo kila asubuhi apulize kaa la udi, mchezo wao tangu walipooana. Asubuhi moja alipuliza, kaa halikuwaka. Akapuliza tena, akaishia kukohoa. Hajati alikichukua chetezo akakiweka chini, na alituambia kwamba hapo ndipo alipojua kuwa anakuwa mjane.

Daktari aliyemtibu marehemu alimweleza Hajati bila kumficha. Ule moshi wa chuma, alisema, na hasa wa zinki na wa rangi inayoungua, unaingia kwenye mapafu na kuyaharibu kidogokidogo. Dawa ni kuuepuka: kufanya kazi penye hewa, upepo utoke nyuma ya fundi, zinki ikwanguliwe kabla ya moto, na kitambaa mdomoni kisimdanganye mtu. Hajati alimwuliza kuhusu maziwa. Daktari akacheka kwa upole, akasema maziwa ni chakula kizuri.

Hapa lazima nieleze habari ya maziwa, maana bila hiyo hamtatuelewa. Kila fundi chuma wa Bujumbura alijua kwamba moshi unasafishwa kwa maziwa. Unachomelea mchana kutwa, jioni unakunywa kikombe kikubwa, moshi unateremka. Patron, yaani tajiri wa karakana, asiyetoa maziwa alionekana muuaji. Marehemu alikuwa anatununulia ndoo nzima, na tulimwombea dua kwa ajili hiyo. Na katika nchi hii, ambako ng'ombe huimbiwa, nani atasimama kuyasema maziwa vibaya?

Hajati alisimama. Jioni ya kwanza baada ya eda yake kuisha aliingia ateliye na ndoo ya maziwa kama kawaida, akatugawia, akangoja tunywe. Halafu akasema, "Haya iko ya tumbo. Moshi inaingia mu kifua. Tumbo na kifua haziko njia moja. Mutakunywa, mutashiba, lakini mutakufa na shibe yenu."

Tulimwona amechanganyikiwa na msiba.

Kuanzia juma lile, kila Jumatatu asubuhi kabla ya posti, ile mashine ya kuchomelea, kuwashwa, aliketi mlangoni na chetezo magotini. Kila fundi alipita, akainama, akapuliza pumzi moja. Kaa likiwaka jekundu, uliambiwa "Ingia." Likififia, ulipewa kazi ya kupima na kukata, mbali na moto, hadi atakaporidhika. Tulijitahidi kupuliza kama watu wanaogombea kombe. Mimi nilipuliza siku moja hadi cheche zikaruka kwenye kanga yake, akanipiga kofi la mkono huku akiona fahari. Aliyeshindwa mbele yetu sote alikuwa Nestori.

Nestori ndiye aliyekuwa fundi bora kati yetu. Mshono wake wa chuma ulikuwa sawa na mshono wa cherehani. Alikuwa mtu wa Kanyosha, mkristu wa kusali kweli, mpole, mwenye watoto wadogo. Jumatatu hiyo aliinama, akapuliza, kaa likabaki jeusi. Akajaribu tena akaingia kwenye kikohozi kirefu kilichomfanya ashike ukuta. Mjinga mmoja alicheka. Nestori alijifuta macho, akaenda kwenye kazi yake bila kumtazama mtu, na tangu siku ile hakuinama tena kwenye chetezo. Hajati akimwita, alijibu kwa adabu, "Hajati, mi iko mukristu, mambo ya udi siijui." Hajati alimwacha, lakini macho yake hayakumwacha. Alishamwona mtu mmoja akienda hivyo.

Kisha vita vikatufungia mlango. Nasema mlango kwa maana yake hasa. Kabla ya vita tulichomelea nusu ndani nusu barabarani, lango likiwa wazi, na upepo wa ziwa ukitusaidia bila sisi kujua. Milio ilipoanza kusikika mitaani, hakuna aliyetaka kuonekana barabarani na cheche zinazomulika mbali. Tulifunga lango la chuma kwa komeo, tukachomelea ndani ya kibanda. Na kazi ilizidi! Aliyekuwa na mlango wa mbao alitaka wa chuma, aliyekuwa na wa chuma alitaka mzito zaidi, na madirisha ya mji mzima yalitaka nondo. Tulikuwa tunawajengea watu usalama huku sisi wenyewe hatuonani kwa moshi.

Homa ikaja. Ilikuja jioni, baada ya kazi ya zinki: mdomo mtamu, kichwa kizito, halafu baridi ya kutetemesha meno, na asubuhi imekwisha. Tulisema malaria, tukameza vidonge. Ilipenda hasa jioni ya Jumatatu baada ya mapumziko, kwa hiyo tulimtania Nestori kwamba ni pombe ya Jumapili, ingawa hakuwa mnywaji. Hajati hakutania. Alikuwa anatutazama tukitawadha. Tulipovuta maji puani na kuyatoa, yalitoka meusi, na yeye alisimama pale na birika mkononi akiyaangalia yanavyotiririka kwenye mfereji.

"Mulango ifunguliwe," alisema siku hiyo.

Hapo ndipo Nestori, yule mpole, alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Oya, Hajati! Mi naogopa risasi. Moshi siogopi."

Hakuna aliyeweza kumlaumu. Nyumba yake ya Kanyosha ilikuwa imechomwa, akatoka na mke na watoto wakiwa na nguo za mwilini tu. Tangu hapo alitaka paa juu ya kichwa chake na komeo mlangoni, na sisi wengine, ukweli usemwe, tulitaka hivyo hivyo. Hajati alichukua birika lake akarudi ndani, lango likiwa bado limefungwa.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta ameketi kando ya ukuta wa nyuma wa kibanda, amewasha kijiti cha udi, anautazama moshi wake. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na uwani wake. Asiyejua nyumba zetu ajue kwamba uwani ni kwa wanawake. Hapo Hajati aliondoa ushungi, hapo alipakwa hina, hapo mashoga zake walicheka vicheko ambavyo sisi tulivisikia tu. Mimi niliyefanya kazi hatua chache kutoka pale kwa miaka sikujua kama kuna saruji au mchanga. Kuta zake zilikuwa ndefu pande zote, hakuna jicho la barabarani linaloingia, na juu kulikuwa na mbingu tupu.

"Leteni nyundo," Hajati alisema.

Tulidhani hatujasikia vizuri. Akazichukua mwenyewe, akanitia moja mkononi. "Vunja hapa. Mi nimesema vunja."

Nilivunja. Vumbi halijatulia wifi yake alikuwa ameshafika, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mahakamani. "Banaume mu uwani? Wewe mujane, Hajati wa watu! Marehemu angesema nini?"

Hajati alikuwa amekwisha kujifunga ushungi, na tangu siku ile aliuvaa nyumbani mwake mwenyewe tangu alfajiri hadi tulipoondoka. Alisema taratibu, "Marehemu angesema nini? Marehemu hakukuwa na pumzi ya kusema."

Wifi aliketi kwenye mkeka akalia. Hajati akaketi karibu naye, nao wakalia pamoja kidogo, sisi tukiwa tumesimama na nyundo zetu hatujui tutazame wapi. Halafu Hajati akainuka akatuonyesha pa kuweka meza ya kazi. Nilimheshimu kabla ya siku hiyo. Tangu siku hiyo nilimpenda, na sioni haya kuandika hivyo.

Alipanga uwani kwa udi. Aliwasha kijiti mahali pa kazi, akaangalia moshi unakwenda wapi, kisha akamsimamisha fundi ili umwondokee. Asubuhi upepo ulishuka milimani, kwa hiyo tulisimama upande wa jiko. Baada ya sala ya adhuhuri upepo wa ziwa uliingia, naye alipiga kelele, "Mugeuke! Mugeuke bote!" nasi tukahamisha meza upande wa kamba ya nguo. Zile kanga zilizokuwa zikianikwa pale zilihamia sebuleni, na wageni wake wa kike wakapokewa humo, wakibanana na magunia ya unga na vyombo.

Nestori peke yake alikataa kutoka. "Bomu inatoka juu, Hajati," alisema, na alisema kweli, tulikuwa tumesikia milipuko kutoka vilimani. Akabaki kibandani, lango limefungwa, na chupa yake ya maziwa kando. Hajati alimsihi, akamgombeza, akampelekea sambusa bila hata kuwa na kosa la kufidia. Alikataa. Kikohozi chake tulikisikia tukiwa uwani, na kila kikisikika Hajati aligeuka kutazama lile tundu la ukuta.

Ramadhani ikaingia juma hilohilo, nayo ikaja na kazi kubwa: malango ya mabomba ya zinki kwa ghala moja karibu na bandari. Mafundi walinung'unika. Zinki yote hiyo, mchana wa mfungo, bila tone la maziwa! Mmoja alisema wazi kwamba Hajati anataka kutuzika kabla ya Idi. Mke wangu mwenyewe alinishika shati asubuhi akiniambia nisiende. Nilikwenda, kwa sababu niliogopa ulimi wa Hajati kuliko zinki.

Tukakwangua kwa tupa hadi mikono ikauma, tukachomelea chini ya mbingu, tukigeuka upepo ulipogeuka. Jioni nilifuturu nyumbani Nyakabiga kwa maji na tende tu, nikajifunika blanketi mapema, nikingoja baridi. Mke wangu aliniwekea vidonge karibu. Baridi haikuja. Nilikaa chini ya blanketi natoka jasho kama mpumbavu hadi watoto wakaanza kunicheka.

Kesho yake tuliulizana kwa minong'ono. Nani alitetemeka? Si mimi. Si mimi. Hakuna. Tuliofunga, ambao koo zetu hazikupitisha kitu tangu alfajiri hadi magharibi, tulikuwa wazima. Aliyetetemeka usiku ule alikuwa Nestori, aliyekunywa chupa nzima ya maziwa ndani ya kibanda kilichofungwa.

Alikuja amechelewa, midomo imekauka, akasimama kwenye lile tundu la ukuta bila kuingia. Alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi hamukuguswa?"

"Apana," tulisema.

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

Hajati alikuwa ameshika kijiti chake cha udi. Nilijua angeweza kusema maneno, na alikuwa na haki ya kuyasema yote. Badala yake alimwambia, "Mwanangu, mi sina dawa ya bomu. Ingekuwa nayo ningekupa. Nina dawa ya hii moja tu. Kuja."

Nestori alivua kofia kama mtu anayeingia kanisani, akavuka ukuta. Hajati aliwasha udi mbele yake, moshi ukamwondokea kifuani kuelekea mbinguni, akamwambia, "Simama hapo hapo." Sisi tulipiga makofi, tumefunga na midomo mikavu, tukapiga makofi na vigelegele vya wanawake vikatoka sebuleni. Wifi ndiye aliyeanza.

Malango ya ghala tuliyamaliza kabla ya Idi, bila mtu kulala na homa. Habari ikaenda mtaani kwa kasi ya uvumi. Wakaja mafundi wa ateliye nyingine kutazama, wenye kucheka na wasiocheka, na kila mmoja alivuliwa viatu mlangoni kwa sababu Hajati alisema uwani bado ni uwani. Baadaye nikaona kwa jirani mmoja nusu ya bati la paa limeondolewa, kwa mwingine ukuta umetobolewa. Maziwa waliendelea kuyanywa, na sisi pia tuliendelea, maana Hajati hakuacha kuleta ndoo hata siku moja, isipokuwa siku za mfungo. "Iko ya tumbo," alirudia kila jioni, huku akimimina. Kikohozi cha Nestori kilipungua polepole, kikarudi msimu wa mvua, kikapungua tena. Kwenye chetezo hakukaribia. Jumatatu zote alipita kando, na Hajati akamwachia njia.

Vita vilipokwisha na barabara za vilimani zikafunguka, binti wa Hajati alimchukua mama yake akamtunze nyumbani kwake Gihosha. Ateliye ilibaki kwetu kuiendesha. Siku ya Idi mimi na Nestori tulipanda kumsalimia. Tulimkuta amekuwa mdogo kitandani, sauti imepungua, pua haijapungua. Kabla ya salamu kuisha alinishika mkono akanusa kiganja. "Jana umekwangua," alisema, ameridhika.

Binti yake alileta chetezo kwa ajili ya wageni, lakini kaa lilikuwa limefunikwa na majivu. Hajati alikitaka kile chetezo. Alikishika kwa mikono miwili, akapuliza, na pumzi haikufika. Umri ulikuwa umeichukua. Akatulia akilitazama kaa, na mimi kwa haraka nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Apana wewe," alisema. "Ye."

Nestori alisimama na kofia yake mkononi. Nilidhani atasema habari ya ukristu. Aliweka kofia chini, akapiga magoti kando ya kitanda, akavuta hewa. Niliona mabega yake yakipanda. Akapuliza, na kaa likawaka jekundu mara moja, jekundu kabisa, majivu yakaruka yakamwangukia Hajati kwenye ushungi mweupe wa Idi, na udi ukapanda hadi darini.

Hajati alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimpiga Nestori kofi la mkono, kofi lile lile nililolijua. "Umeona?" alimwambia binti yake. "Miaka yote ile alikuwa ananificha hii kifua!" Nestori alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, bado amepiga magoti, na mimi pia sikuwa bora kuliko yeye.

Kisha Hajati aliutazama moshi ulivyozunguka juu yetu, akakunja uso, mwenye ateliye kama zamani.

"Fungua dirisha kwanza," alisema. "Halafu puliza tena."

Nilifungua dirisha. Nestori akapuliza tena.